Umenisahau? Neno adimu la Kiingereza na watu waliopotezana

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umenisahau."

Hakuwa anauliza. Alikuwa anatoa hukumu, na mkono wangu hakuuachia. Tulikuwa msibani, Korogwe, chini ya turubai, tunasubiri maziko baada ya adhuhuri. Nikasema sijakusahau mama yangu, nitakusahauje wewe. "Haya, nitaje." Nikacheka kile kicheko cha mtu aliyebanwa. Sura ile niliijua, hilo sikuwa na shaka nalo, lakini ilikuwa inaelea tu: haina mtaa, haina mwaka, haina jina. Akina mama waliokuwa wakimenya vitunguu wakasimamisha visu kusikiliza nitajikwamuaje. Basi yule mama akamgeukia jirani yake kunisemea, na katika kunisemea akatamka "r" yake kama "l", vilevile nilivyokuwa nikisikia kila siku saa nne, wakati wa mapumziko, nje ya uzio wa shule. "Mama Maandazi!" Mkono ukaachiwa.

Mwingereza aliyekutwa na hali ile angesema hakumtambua mtu. Sisi tunasema umenisahau, na tofauti hiyo si ndogo. Kutotambua ni kosa la jicho, na jicho halikosi visingizio: giza, umri, miwani iliyobaki nyumbani. Kusahau ni kosa la moyo. Ndiyo maana anayeambiwa "umenisahau" hukimbilia kukana kabla hata hajamtazama mwenzake vizuri. Kiswahili kinachukulia kwamba mlijuana, kwamba katikati pakaingia pengo, na kwamba yupo wa kulijibia pengo hilo. Ukitaka kumwahi mwenzako unamtupia yeye lawama: "Umepotea sana wewe!" Kana kwamba siku zote hizo yeye ndiye alikuwa porini.

Pale mkono ulipoachiwa, Kiingereza nacho kina neno lake, ila ni adimu kiasi kwamba Waingereza wengi huzeeka bila kulitamka: anagnorisis. Wanaolijua ni wasomi wa tamthilia na fasihi ya kale. Ni rahisi kulifafanua kwa neno moja tu, utambuzi, na kupita zako. Nadhani huko ni kupita haraka mno, maana ndani yake kuna fundo.

Ni neno la Kigiriki ambalo Kiingereza kimelichukua zima zima. Mwanzoni kuna ana-, kiambishi chenye maana ya kupanda juu, ya kurudi nyuma, au ya kufanya jambo tena. Kinachofuata kimetoka katika mzizi wa kujua, gno-, ambao umezagaa katika lugha za Ulaya. Uko katika "know" ya Kiingereza, ambayo k yake leo ni bubu lakini zamani ilitamkwa. Uko katika "diagnosis" ya daktari. Uko katika "agnize", kitenzi chenye maana ya kukiri jambo, ambacho Shakespeare alikiweka kinywani mwa Othello mbele ya wakuu wa Venisi, pale jenerali huyo anapokiri kwamba maisha ya shida vitani anayapokea kwa wepesi. Leo ukimwandikia Mwingereza "agnize" atadhani umekosea herufi.

Halafu kuna ndugu yao wa kila siku, "recognize", lililotoka Kilatini kwa kupitia Kifaransa cha kale. Re- ya mwanzoni ni "tena". Kwa hiyo kwa asili neno lilimaanisha kujua tena, kumjua mtu uliyewahi kumjua. Lakini "tena" hiyo imechakaa. Tarehe 9 Julai 2011 Sudan Kusini ilipokuwa nchi huru, serikali za dunia zilitangaza kuitambua, na kwa Kiingereza zilitumia neno hilohilo lenye "tena" ndani yake, ingawa nchi hiyo haikuwahi kuwako hata iwe imesahauliwa. Wala tusiwacheke, kwa sababu sisi tuna shikamoo. Ndani yake kuna kushika miguu, na sijamwona mtu akishika miguu ya mwenzake ndani ya daladala.

Kiambishi kikishachakaa hivyo, anayekihitaji kwa maana yake halisi anapata tabu. Mwandishi wa Kiingereza anayetaka kusema kutambua upya, baada ya muda wa kutotambua, inambidi aongeze re- nyingine juu ya ile iliyokufa, au achomeke kistari katikati ya neno ili msomaji aione "tena" iliyozikwa humo. Si mchezo wa herufi tu. Somaliland ilipata uhuru wake tarehe 26 Juni 1960, ikakaa nchi kwa siku tano, kisha ikaungana na Somalia ya Waitalia. Mwaka 1991 ikatangaza kujitenga. Hoja yao tangu hapo ni kwamba hawaombi kutambuliwa kama nchi mpya, bali kama ile ya zamani iliyorejea. Hoja yote imekaa ndani ya "tena", yaani ndani ya silabi ambayo Kiingereza kimeshaacha kuisikia.

Wagiriki wenyewe walikwenda mbali zaidi na ana- yao. Kitenzi chao cha kusoma, anagignosko, kimejengwa kwa vipande hivyohivyo: kusoma ni kuzijua tena herufi. Mtu aliyemwangalia mtoto wa darasa la kwanza akisimama ghafla barabarani, akinyoosha kidole kwenye bango la duka na kupiga kelele "ba!", hahitaji kuelezwa Wagiriki waliona nini.

Sasa fundo lenyewe. Je, hiyo "tena" ni ya lazima? Ili pawe na anagnorisis, ni lazima uwe ulimjua mtu kabla?

Aliyelifanya neno hili kuwa la kitaalamu ni Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki, karne ya 4 kabla ya Kristo, katika kitabu chake kuhusu ushairi na tamthilia. Kwake ni mgeuko wa mtu kutoka katika kutojua kwenda katika kujua, mgeuko unaozaa upendo au uadui kati ya watu ambao hatima yao, njema au mbaya, ilikuwa inawangoja hapo. Hakusema walijuana. Alisema tu kwamba mmoja alikuwa hajui, sasa anajua. Mifano mingi aliyoitumia, hata hivyo, ilitoka kwa watu waliopotezana, na shairi alilolichota zaidi kwa habari hizo ni lile la Homer juu ya Odysseus, mfalme wa kisiwa cha Ithaka aliyekwenda vita vya Troya akakaa miaka 20 bila kuonekana: 10 vitani, 10 akitangatanga baharini.

Odysseus anarudi kwake amejigeuza ombaomba, kwa sababu nyumba imejaa wanaume wanaotaka kumwoa mkewe na wangemuua. Nyumba nzima inamtazama, haimjui. Wa kwanza kumjua hapo mlangoni ni mbwa. Argos alikuwa mtoto wa mbwa wa kuwinda bwana wake alipoondoka. Sasa kazeeka, kalala juu ya lundo la samadi, kupe wamemjaa, hakuna wa kumjali. Anasikia sauti. Anatikisa mkia, analaza masikio, nguvu ya kusogea hana. Odysseus hawezi kumwita, atajulikana, basi anageuza uso na kufuta chozi mchunga nguruwe aliye naye asione. Anaingia ndani. Mbwa anakufa.

Mimi huo ndio utambuzi ninaoupenda kuliko wote humo, na sababu ni kwamba hauna ushahidi wowote. Hakuna kovu, hakuna pete, hakuna maswali. Argos hakupitia hatua ya kushuku.

Wa yaya ni mwingine. Eurycleia, aliyemlea Odysseus tangu utotoni, anaambiwa amwoshe mgeni miguu. Odysseus anakumbuka kovu lake juu ya goti, pembe ya nguruwe mwitu ilipomchana ujanani, akasogea gizani mbali na moto. Haikusaidia, maana bibi hakulihitaji jicho. Vidole vyake vilipopita juu ya kovu vikajua. Mguu ukamponyoka, ukagonga beseni la shaba, maji yakamwagika sakafuni. Odysseus akamkaba koo asipige kelele. Ni malipo makali kwa mlezi wa miaka yote hiyo, lakini ndivyo ilivyo: anayekutambua wakati umejificha anaweza kukuua bila kutaka.

Yote mawili hayo ni kujua tena. Sasa mweke Telemachus, mwanawe. Baba aliondoka mtoto akiwa bado ananyonya. Odysseus anapojifunua kwake, kijana hana kitu cha kulinganisha: hana sura, hana sauti, hana harufu. Anadhani huyu ni mungu anayemdhihaki. Baba anachoweza kumwambia ni kwamba hakuna Odysseus mwingine atakayekuja. Kijana anakubali, wanakumbatiana wakilia, na sisi wasomaji tunaliita hilo nalo utambuzi, ingawa hakuna kilichorudi. Telemachus hakumbuki chochote. Ameamua kuamini.

Kwa hiyo neno moja limebeba mambo mawili: kujua tena, na kujua hatimaye. Kiingereza kimeyaacha yaning'inie pamoja. Kiswahili kinayatenganisha bila jasho, kwa sababu "tambua" yetu haina "tena" ndani yake. Unaweza kutambua kosa ambalo hukuwahi kuliona. Ukitaka kurudi nyuma una kumbuka, na ukitaka kumlaumu mtu una sahau. Watafsiri wanaoandika "kutambua tena" kila wanapoikuta "recognize" wanaifufua maiti ambayo wenye lugha walishaizika, na huwa inasomeka vibaya.

Faida yetu kubwa zaidi iko mwishoni mwa kitenzi. Aristotle anaeleza kwa maneno mengi kwamba mara nyingine upande mmoja unajulikana tayari na ni mwingine tu wa kutambuliwa, na mara nyingine ni lazima pande zote mbili zitambuane. Mswahili anaisoma sentensi hiyo na kushangaa kwa nini ni ndefu. Kutambua, kutambuliwa, kutambuana, basi. Mfano wa Aristotle ni Iphigenia wa mtunzi wa tamthilia Euripides, kuhani wa kike katika nchi ya kigeni, ambaye anataka kumtuma mateka mmoja apeleke barua kwao. Akihofia barua itazama baharini, anaisoma kwa sauti ili mjumbe aikariri. Mateka wa pili aliyesimama hapo ni Orestes, mdogo wake, na kwa kusikia barua anajua huyu ni dada. Ametambua. Dada bado hajui kitu, na hamwamini. Inabidi Orestes ataje mkuki wa baba wa babu yao uliokuwa umefichwa chumbani mwa dada huyo walikokulia. Hapo ndipo wanatambuana.

Kwetu mfano ulio karibu zaidi ni kisa cha Nabii Yusuf, ambacho kimo katika Qurani na katika kitabu cha Mwanzo, na ambacho watoto wengi wa pwani walikisikia kabla hawajajua kusoma. Ndugu waliomtupa kisimani wanakuja Misri kutafuta chakula wakati wa njaa, wanasimama mbele ya mkubwa wa ghala. Yeye anawatambua, wao hawamtambui. Kisa kinakaa ndani ya pengo hilo muda mrefu, na raha na uchungu wake wote umo humo. Qurani inaligusa kwa maneno mawili yaliyokabiliana: kujua kwa mzizi ule uliotupa sisi maarifa, taarifa na maarufu, na upande wa pili mzizi wa kukana. Baadaye unakuja utambuzi mwingine ambao haumo katika Mwanzo: Yakobo, aliyepofuka kwa kulia, anasema anaisikia harufu ya Yusuf kabla kanzu ya mwanawe haijamfikia. Mbwa Argos angemwelewa.

Na tuna kujitambua. Hapa ndipo Kiswahili kinanipendeza mno, kwa kuwa neno hilo kwetu lina maisha mawili. Kijana asiyejitambua ni yule asiyejua maisha yanaelekea wapi. Mgonjwa asiyejitambua ni yule aliyeletwa hospitali amepoteza fahamu. Sasa mtazame Oedipus wa Sophocles, mtunzi mwingine wa tamthilia wa Kigiriki, ambaye Samuel Mushi alimleta kwa Kiswahili mwaka 1971 kwa jina la Mfalme Edipode. Mtoto alitupwa mlimani ametobolewa vifundo vya miguu, akaokotwa, akalelewa Korintho na watu aliodhani ni wazazi wake. Akamuua mzee njia panda bila kujua ni baba yake, akaoa mjane bila kujua ni mama yake. Mji unapata tauni, naye kama mfalme anaapa kumsaka mwenye hatia. Anayemfumbua ni mjumbe kutoka Korintho aliyekuja na nia njema kabisa: kumwambia baba yako wa Korintho amekufa, na usiogope, hata hivyo hakuwa baba yako. Aristotle aliona huo ndio ufundi wa juu, utambuzi unaozaliwa na matukio yenyewe, wakati uleule mambo yanapopinduka. Kovu na shanga na alama za mwilini aliziona ni njia ya mtunzi mvivu, ingawa lile kovu la beseni alilisamehe kidogo kwa sababu liligunduliwa bila mtu kulionyesha. Oedipus alikuwa macho muda wote, anatawala, anahukumu, anakula. Hajitambui. Ukisema hivyo kwa Kiswahili maana zote mbili zinafika pamoja.

Hadi hapa nimezungumza kana kwamba alama hazidanganyi. Zinadanganya. Mwaka 1548 mkulima kijana aitwaye Martin Guerre alitoweka katika kijiji cha Artigat, kusini mwa Ufaransa, akimwacha mke na mtoto mchanga. Mwaka 1556 akarudi. Dada zake wakampokea, mke akampokea, majirani aliwasalimia kwa majina na kuwakumbusha mambo waliyofanya pamoja zamani. Waliishi hivyo miaka mitatu, wakazaa. Kisha ukaja ugomvi wa mali na baba mdogo, na baba mdogo akaenda mahakamani kudai kwamba huyu ni tapeli. Waliitwa mashahidi kiasi cha 150. Wengine walisema ndiye, wengine wakasema siye, na kundi kubwa likasema haliwezi kuapa. Fundi viatu alisema mguu wa Martin ulikuwa mkubwa kuliko huu. Rufaa ilipofika Toulouse mwaka 1560, majaji wakielekea kumwachia mshtakiwa, akaingia mtu mwenye mguu wa mti akasema yeye ndiye Martin Guerre. Dada zake walipomwona hawakusita. Yule wa kwanza, jina lake Arnaud du Tilh, alinyongwa mwezi Septemba mwaka huo mbele ya nyumba aliyokuwa akiishi.

Kinachonisumbua katika kesi hiyo si wale waliodanganyika, bali wale waliosema hawawezi kuapa. Walikua na Martin kijiji kimoja. Miaka 8 ilitosha kuwanyang'anya uhakika. Na huenda pia hawakutaka: ukimtambua tapeli ambaye kijiji kimeshamkubali, umewaita majirani wajinga. Hapo utambuzi umeacha kuwa jambo la jicho na kumbukumbu, umekuwa jambo la kukubali. Petro uani kwa kuhani mkuu hakuwa na tatizo la sura aliposema hamjui mtu yule. Alimjua. Kiswahili hakithubutu kuliita hilo kutotambua, kinasema alimkana. Sheria ya Kiingereza ina neno "recognizance", dhamana ambayo mshtakiwa anajiwekea mwenyewe mahakamani, na maana yake ya ndani ni kukiri kwamba una deni: nikikosa kufika, fedha hii naitambua kuwa inadaiwa kwangu. Kujua na kukiri deni vimelala katika neno moja.

Wataalamu wa ubongo nao wamekuta kwamba vipande hivi vinaweza kung'oka kimoja kimoja. Mwaka 1947 daktari Mjerumani, Joachim Bodamer, alieleza habari za wagonjwa waliojeruhiwa kichwani ambao waliona vizuri kabisa, waliona pua na macho na mdomo, lakini hawakuweza kujua uso ni wa nani, hata uso wao kwenye kioo. Aliliita tatizo hilo prosopagnosia. Mzizi wetu gno- huo tena, safari hii umekanushwa. Wapo wanaozaliwa nalo. Jane Goodall, aliyefika Gombe kule Kigoma mwaka 1960 na kuwapa sokwe majina wakati wanasayansi wenzake waliwapa namba, alisema waziwazi kwamba alikuwa nalo. Mtu aliyeifundisha dunia kwamba kila sokwe ana nafsi yake alikuwa akihangaika na sura za watu.

Upande wa pili kuna hali iliyopewa jina la Mfaransa Joseph Capgras, aliyeieleza mwaka 1923. Mgonjwa anauona uso wa mkewe, anakubali kwamba unafanana naye kwa kila kitu, na anashikilia kwamba huyu si yeye, ni mtu aliyewekwa badala yake. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba sura inatambulika, ila joto ambalo huja nayo halifiki. Bila joto hilo akili inakataa ushahidi wa macho. Ni kijiji cha Artigat kilichogeuzwa ndani nje: huko walikubali mtu asiyekuwa yeye, hapa anakataliwa aliye yeye.

Kuhusu muda gani pengo linaweza kuwa refu, kuna utafiti wa Harry Bahrick na wenzake uliochapishwa Marekani mwaka 1975. Walichukua watu 392 waliomaliza sekondari kwa nyakati mbalimbali, wakawaonyesha picha za wanafunzi wenzao zikichanganywa na za wageni. Hata waliomaliza miaka zaidi ya 30 iliyopita waliwatambua wenzao kwa kiasi cha asilimia 90. Walipotakiwa kutaja jina kwa kuangalia sura, wakaanguka vibaya. Nilipousoma nilijisikia nimepewa msamaha rasmi wa Korogwe: kutambua na kutaja ni kazi mbili, na ile ya pili huchoka mapema.

Wala si kazi ya binadamu peke yake. Mwaka 2023 watafiti walichapisha matokeo ya kuwaonyesha sokwe na bonobo, ndugu wa karibu wa sokwe, picha mbili kando kwa kando, moja ya mwenzao wa zamani, nyingine ya mgeni, huku kamera ikifuata macho yao. Macho yalikaa zaidi kwa wa zamani, na zaidi tena kwa wale waliokuwa marafiki. Bonobo mmoja, Louise, hakuwa amemwona dada yake Loretta wala mpwa wake Erin kwa zaidi ya miaka 26. Picha baada ya picha, macho yake yalikwenda kwao.

Narudi Ithaka, kwa sababu kuna wawili sijawataja. Mke, Penelope, amekwisha ambiwa na yaya, amesikia habari za kovu, wanaume wote waliomsumbua wamekwisha uawa, na bado anakaa kimya upande wa pili wa moto. Kisha anamwagiza yaya amtandikie mgeni, akitoe nje kile kitanda kikubwa. Odysseus anawaka hasira: nani amekihamisha kitanda changu? Nilikichonga mwenyewe juu ya kisiki cha mzeituni uliokuwa umeota hapo, mizizi yake iko ardhini. Hilo ndilo Penelope alilotaka kusikia. Kovu lilithibitisha mwili. Hasira ilithibitisha mume.

Na baba, Laertes, mzee anayelima bustani amevaa viraka. Odysseus anamwonyesha kovu, kisha anaongeza jambo ambalo hakuombwa. Anamwambia: nilipokuwa mdogo nilikuwa nakufuata nyuma humu bustanini nikikuuliza jina la kila mti, ukanipa miti yangu mwenyewe, mipea 13, mitofaa 10, mitini 40, na mistari 50 ya mizabibu ukaahidi kuniongezea. Magoti ya mzee yakamwisha nguvu.

Mama Maandazi naye alikuwa na hesabu yake. Tulipokwisha kucheka, akina mama wakarudi kwenye vitunguu vyao, akanisogelea na kuniambia kwa sauti ya chini, ya msibani, kwamba wiki ile shule ilipofungwa niliondoka na maandazi manne ya mkopo. Nikaingiza mkono mfukoni. Akakataa noti, akasema anataka hayohayo manne.